Siku Niliyoweka Jangwa Muthara

Kuna soko moja Tigania ambalo nikipita najifunika leso hadi puani kama mtu mwenye mafua makali, na sababu si mafua, sababu ni aibu. Watu wa Muthara hawasahau. Nimezaa, nimenenepa, nimebadilisha hata mtindo wa nywele, lakini juzi tu nilisimama pale kununua ndizi, mama mmoja akaniangalia, akaniangalia tena, akaniuliza polepole, "Wewe si yule msichana wa jangwa?" Nikaacha ndizi pale pale. Sasa kwa kuwa leo mmenibana, na chai bado iko kwa birika, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Kinyua, maana Kinyua akiisimulia huongeza chumvi, na hii yangu haihitaji.

Ilikuwa miaka ya tisini, ikielekea mwisho, na mimi nimeajiriwa na mradi mmoja wa maji pale Meru mjini. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kompyuta. Wenzangu wote kompyuta waliijua kama taipureta yenye televisheni, lakini mimi nilikuwa nimesoma Nairobi, nilikuwa najua kutengeneza ramani humo ndani, na nilikuwa na kiburi, tusifichane. Nilikuwa nikitembea kwa korido na diski mkononi hata wakati sina pa kuipeleka.

Programu tuliyotumia ilikuwa ya bure. Watu wa vyuo huko ng'ambo waliiandika wakaiachia dunia nzima, unaichukua, unaitumia, lakini ikikugomea huna wa kumpigia simu. Unasoma maelezo yake, ambayo ni marefu kuliko Agano la Kale, au unaandika barua pepe kuwauliza watumiaji wenzako na kungoja jibu, na siku hizo barua pepe Meru ilitegemea simu ya ofisi, na simu ya ofisi ilitegemea kama mvua imeangusha waya au haijaangusha. Kwa hivyo mimi nilikuwa na njia yangu ya tatu, ambayo ni kubonyeza mpaka inyamaze.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini. Mradi ulikuwa umeazimwa mtambo wa kuchimba kisima kirefu, mmoja tu, na ulikuwa unakuja kwetu kwa shimo moja kisha uende zake mkoa mwingine, na hakuna aliyejua kama utarudi. Kisima kingepelekwa mahali palipokauka kuliko pote, na mahali hapo pangeonyeshwa na picha ya setilaiti, si na maneno ya mtu. Na mimi nilikuwa na tata, mdogo wa mama, anaitwa Kaari, ameolewa Tharaka, kijiji cha Kiamurathi, ambako maji ni mtoni, na mto uko chini kabisa, na nyumba ziko juu kabisa, na katikati ni mawe na jua. Krismasi aliniambia, "Mwari, wewe unakula mshahara wa maji huko mjini, na sisi hapa tumekuwa punda." Nikamwambia, tata, siwezi kukupendelea, lakini hakuna pakavu kuliko kwenu, ngoja picha ije, itajisemea yenyewe. Akaniamini. Nadhani hata aliwaambia wenzake.

Picha ikaja. Ilitoka Nairobi kwa rafiki mmoja tuliyesoma naye, imekatwakatwa kwenye diski, pamoja na kikaratasi cha maelezo. Kwa wale ambao hamjawahi kuona kitu kama hicho, picha ya setilaiti ndani ya kompyuta si picha, ni viraba vidogo vidogo vimepangwa safu kwa safu kama mahindi shambani, kila kiraba na namba yake, namba kubwa ni kijani kibichi, namba ndogo ni vumbi. Programu haijui chochote. Ni wewe unaiambia kuna safu ngapi, kila safu ina viraba vingapi, na shamba lote limeanzia wapi na kuishia wapi duniani.

Mara ya kwanza niliandika safu mahali pa viraba, picha ikatoka imelala upande, mistari tupu, kama televisheni ikipigwa na upepo. Nikarekebisha. Mara ya pili ikatoka githeri, kama mahindi na maharagwe sufuriani, nyeusi na nyeupe zimechanganyikana bila mpango, kwa sababu kila namba ilikuwa imeandikwa kwa vipande viwili na kompyuta ya Nairobi ilitanguliza kipande hiki na yangu ikatanguliza kile. Hilo nalo nililijua, nikaligeuza, na hapo, jamani, ikatoka. Milima, mabonde, mto umejikunja vizuri, yote. Niliita ofisi nzima ije kuona. Mwenye kutengeneza chai alikuja, akasema inafanana na mgongo wa mamba, nikafurahi hata na hiyo.

Kilichobaki ilikuwa kuiambia programu picha imekaa wapi duniani. Kikaratasi kilikuwa na namba za ukingo wa kaskazini na ukingo wa kusini, na zote zilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Nikaziandika zilivyo, programu ikakataa. Ilitaka ziandikwe kwa namna yake (baadaye nilijua ni herufi moja tu ya kuonyesha kusini, iko kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo). Nikaangalia zile alama za kutoa. Nikasema, hizi ndizo shida.

Hapa ndipo nataka mnielewe, kwa sababu mtu wa Nairobi hawezi kukosea hivi, na mtu wa Mombasa hawezi, ni sisi tu. Sisi tumekaa juu ya ikweta. Wazungu wanasimama pale kwenye ubao wanapigwa picha mguu mmoja huku na mwingine kule, lakini sisi tunaivuka tukienda Nkubu kununua viazi, mtu anaivuka asubuhi na jioni na hajawahi kuisikia ikimgusa. Na kazi zote nilizokuwa nimefanya mpaka siku hiyo zilikuwa za upande wa juu, Kiirua kwetu, Timau, Tigania, ambako namba hazina alama yoyote. Macho yangu hayakuwa yamezoea alama ya kutoa, ambayo maana yake ni kusini mwa ikweta. Nikaiona kama uchafu. Nikaiondoa.

Programu ikasema, kaskazini lazima iwe juu ya kusini. Na kweli, ukiondoa alama ya kutoa zile namba zinageuka, iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo ajiulize. Mimi nikasema, ala, kumbe yule rafiki yangu alizibadilisha kwa kuandika haraka, nikachukua ya juu nikaiweka chini, ya chini nikaiweka juu, nikabonyeza. Ikanyamaza.

Kwa kufanya hivyo nilikuwa nimeibeba Tharaka yote, na mawe yake na mto wake, nikaivusha ikweta, nikaiweka Tigania. Lakini hilo sikulijua. Nilichoona ni kwamba nilipoweka barabara na majina ya masoko juu ya picha, wekundu wote, ule niliopaka namba ndogo uonyeshe ukame wa kutisha, ulikuwa umeangukia Muthara. Na Kiamurathi, kwa tata wangu, palikuwa peupe, hakuna picha, kana kwamba setilaiti ilipofika hapo ilisinzia.

Niliumia, sitadanganya. Nilikaa nikiangalia ule weupe nikimwona tata na mtungi wake. Lakini badala ya kuumia kunifanya niulize, kulinifanya nijione mtu wa haki sana, mtu asiyependelea ndugu zake. Maelezo ya programu yalisema wazi, ukishaingiza picha tafuta kitu unachokijua, kona ya barabara au mto, uone kama kimekaa mahali pake. Ukurasa huo niliuruka kwa sababu ulikuwa na kichwa kinachosema ni kwa wanaoanza.

Mkubwa wetu, Bwana Njiru, alikuwa mtu wa Siakago, amehamishiwa kwetu majuzi, Tigania hajawahi kuikanyaga. Akaiangalia ramani, akakuna kidevu. "Muthara kuko hivi? Si ndiko miraa inatoka?"

"Mzee, kompyuta haina kwao," nikamwambia. (Sentensi hiyo imewahi kurudishwa kwangu na watu ambao hata hawakuwepo.)

Akamgeukia Kinyua, dereva wetu, ambaye nyumbani kwao ni ng'ambo tu ya soko la Muthara, akamuuliza kama ni kweli kumekauka. Kinyua akaitazama ramani kwa huzuni, akavua kofia. "Mzee, mimi sikutaka kusema, ili msione naleta mambo ya nyumbani. Lakini kwetu tunateseka."

Basi likapitishwa. Habari ikatumwa kwa kamati ya maji ya kijiji kimoja karibu na Muthara kwamba tunakuja kutangaza kisima, wakusanye watu.

Siku yenyewe tulitoka Meru na jua. Tulipofika Kianjai mvua ikaanza, na si manyunyu, mvua ya kupiga kioo mpaka waipa zinachoka. Pande zote mbili za barabara ni kijani, migomba imeinama kwa uzito, maharagwe yamefunika udongo. Bwana Njiru akaufuta ukungu wa kioo, akauliza, "Kinyua, hii mvua huwa ya kawaida huku?"

"Hapana, mzee," Kinyua akasema bila kugeuka. "Hii imekuja kwa sababu yenu."

Mimi nilikuwa nyuma na ramani yangu kwenye nailoni, nimeiunganisha kwa selotepu kutoka karatasi ndogo ndogo mpaka ikawa kubwa kama shuka. Nikaangalia nje nikaona ng'ombe wa maziwa, mnene, amesimama kwenye nyasi zinazomfika tumboni, ananitafuna kwa macho. Nikajiambia, kiangazi kikali ndivyo kilivyo, kinakuja kwa vipindi.

Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa. Watu walikuwa wamejaa, wamevaa gambuti, miavuli imetundikwa kwenye madirisha yote ikidondosha maji, na mabati yanapiga kelele kiasi kwamba mwenyekiti wa kamati, Mzee M'Mwirichia, ilibidi afungue kwa kupayuka. Akatukaribisha. Akasema sisi ni watoto wa Mungu kweli, maana tumeona kilio chao kutoka angani. Halafu akawaita watu watoe ushuhuda wa kiu.

Mama mmoja akasimama, koti linatiririka, akasema huu mwaka hajaonja maji ya kutosha kuogesha mtoto. Makofi. Mwingine akasema ng'ombe zake zimekonda zikabaki pembe. Mzee wa nyuma akaanza kusema kuwa mahindi yake yamekauka, lakini hapo radi ikapiga, akangoja ipite, akaendelea pale pale alipoachia bila hata kutabasamu. Na nje, chini ya kibanda, nilikuwa naisikia harufu ya mbuzi. Walikuwa wamechinja kutushukuru.

Nikaitwa niieleze ramani. Nikaitundika ukutani kwa vibanio vya nguo, na nikaanza kwa Kiswahili cha Nairobi, ndugu zangu, hii picha imepigwa na chombo kilicho juu sana, haidanganyi wala haipendelei. Nikawaonyesha wekundu. Wakaguna kwa uchungu, wote pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nikawaonyesha soko lao, kanisa lao. Na hapo mzee mmoja wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasogea karibu.

"Msichana, na huu mto mkubwa unaopita katikati ya kanisa, ni upi?"

Nikageuka kuangalia. Kulikuwa na mto kweli, mpana, umepita juu ya jina la kanisa na kuendelea mpaka shule ya msingi. Nilikuwa nimeiangalia hiyo ramani wiki nzima na mto sikuwa nimeuona, kwa sababu nilikuwa naangalia wekundu wangu.

Mzee M'Mwirichia akawahi. "Huo ni wa chini ya ardhi," akasema. "Ndio maana tunataka kuchimba."

Watu wakapiga makofi. Bwana Njiru naye akapiga, ametulia sasa, amepata jibu. Na mimi ningenyamaza, nawaambia ukweli, midomo yangu ilikuwa tayari kusema "ndiyo, wa chini ya ardhi". Ila macho yalikuwa yamebaki kwenye ule mto. Ulikuwa umejikunja mara ya kwanza, ukanyooka, ukajikunja tena kuzunguka kilima kimoja cha mviringo, na ile kona nikaijua. Nikiwa mtoto nilikuwa nikipelekwa Kiamurathi likizo, tunakaa juu ya hicho kilima tunaangalia akina mama wakishuka na mitungi, wamekuwa wadogo kama siafu. Nyumba ya tata Kaari ilikuwa pale pale kwenye wekundu mkali kuliko wote, na mimi nilikuwa nimeandika juu yake jina la duka la mtu wa Muthara.

Nikafikiria mtambo, mmoja, na shimo moja, na makofi haya yanaupeleka wapi. Nikafikiria na kazi yangu. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo mvua ingeimeza kama isingechagua kupungua wakati huo huo, "Samahani. Hii ramani si ya hapa."

Bwana Njiru akaniuliza nasema nini. Nikarudia. Nikasema hii ni Tharaka, nimeiweka mahali si pake, ni mimi nilikosea, programu haina makosa na rafiki yangu wa Nairobi hana makosa. Mzee wa miwani akatikisa kichwa, karibu anionee huruma. Lakini Mzee M'Mwirichia hakukubali kwa urahisi. Akasimama akasema kwamba mimi bado ni mtoto, nimechoka na safari, wao wanaiamini setilaiti kuliko wanavyoniamini mimi. Akawauliza watu, "Hapa kuna ukame, hakuna?" Wakajibu kwa pamoja kwamba uko, na kuna mwenye mwavuli aliyejibu huku anaukung'uta.

Bwana Njiru alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo shingo yake ilibadilika rangi. Akafunga mkutano kwa maneno machache, akaomba radhi, akasema kisima kitaenda kunakostahili. Hapo watu waliacha kuigiza. Hawakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakatulazimisha tukae tule ile mbuzi, na kila kipande mtu akinipa anasema, "Kula, binti, jangwani chakula ni shida." Nilikula nyama ya aibu, na ilikuwa tamu.

Nikadhani yameisha. Tukaingia kwenye Landrova, Kinyua akawasha, magurudumu yakazunguka pale pale, gari likaketi kwenye tope mpaka mlangoni. Bwana Njiru akashusha kioo akawaomba vijana watusukume. Vijana walikuwepo, wengi, wamejipanga chini ya paa la kanisa wameweka mikono mfukoni. Wakamtazama mwenyekiti wao.

Mzee M'Mwirichia akaja mpaka dirishani kwangu na mwavuli wake, akainama, akaangalia gurudumu kwa makini. "Hakuna tope hapa," akasema. "Hapa ni jangwa. Mwulize huyu."

Tukabaki pale. Mwishowe nilishuka mimi mwenyewe na viatu vyangu vya ofisi na ile sketi, nikasukuma peke yangu, kijiji kizima kikihesabu moja, mbili, tatu, na Kinyua (huyu Kinyua mnayemheshimu) akikanyaga mafuta ili tope linifike usoni vizuri. Waliponiona nimekuwa rangi moja na gari ndipo walipokuja kusaidia.

Niliporudi ofisini niliandika ile herufi moja ya kusini, picha ikarudi kwao, ukaenda kukaa mto juu ya mto na barabara juu ya barabara, na haikunichukua hata muda wa kunywa chai. Bwana Njiru hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba tangazo la Tharaka nitalipeleka mimi, kwa mguu kutoka barabara kuu, hata kama mtambo utanitangulia.

Tata Kaari alikuwa ameshasikia. Sijui habari zilifikaje, kutoka Muthara hadi Kiamurathi si karibu, lakini zilinitangulia. Mtambo ulikuwa umeshafika, umesimama karibu na shule unanguruma, wanawake wa kijiji wamekaa mbali kidogo wanauangalia hawataki kufurahi mapema. Nikamkumbatia tata, yeye akakumbatia nusu. Akanimiminia ucuru, ule uji wetu, kwenye kibuyu, akaningoja ninywe wote, kisha akaingia ndani akatoka na mitungi miwili na ile mikanda ya ngozi ya kubebea.

"Ni kweli ulikuwa umewapa watu wa miraa?" akaniuliza.

"Ni kweli, tata. Ilibaki kidogo."

Alitangulia njia ya mtoni na mimi nikamfuata, tukashuka yale mawe, nikachota, akaniwekea mkanda kwenye paji la uso kwa mikono yake na kuurekebisha usinikate, na tukaanza kupanda. Nilipumzika kila mahali palipopumzikika na mahali pengine pasipopumzikika. Yeye alikuwa nyuma yangu na wa kwake, hahemi, na kila nilipotaka kuutua mtungi aliuinua kidogo kwa mkono mmoja kutoka chini mpaka nipate pumzi. Hapo ndipo nililia. Nilipofika juu wanawake walinipigia vigelegele vya kunicheka, shingo haigeuki, maji yamebaki nusu.

Siku hizi nikiingiza picha yoyote, hata iwe ndogo vipi, natafuta mto kwanza. Nikiuona umekaa mahali pake, bado siiamini, nampigia simu mwenyeji nimwulize kama kunanyesha.